Kabla Watu Hawajatoka Misani

Faraz wa Asgarali hakuwa mtu wa kukaa. Pale dukani kwao Gitega, ambapo baba yake aliuza bati, misumari na rangi, wateja walimjua kwa jambo hilo. Ukimwomba kilo moja ya misumari atakupa, kisha atahamisha ndoo, atapangusa kaunta, atapanda ngazi kuangalia juu ya rafu kitu ambacho hakuna aliyekiulizia. Mzee Asgarali alikuwa amekwisha kata tamaa. "We iko na sisimizi kwa miguu," alimwambia, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Lakini kilichomwasha hakikuwa miguuni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amezaliwa Gitega, baba yake kazaliwa Gitega, na bado haikupita wiki bila mtu kumuuliza, kwa upole kabisa, kwao ni wapi hasa. Duka lenyewe walikuwa wamepanga. Kaka zake wawili walihamia Kampala, na kila walipopiga simu ilikuwa ni kumwita. Katika Burundi nzima hakuwa na hata kipande cha udongo cha kupandia mchicha wa lengalenga, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Kwa hiyo Klara, muuguzi mwenye sauti ya amri, alipoanzisha chama cha kutembea vilimani na kutengeneza njia zilizobomoka, Faraz alijiandikisha kabla mwenyewe hajamaliza kueleza. Mwisho wa juma mmoja walikuwa Giheta, mwingine Karusi. Wenzake walikwenda kupunga hewa na kupiga picha. Faraz alikwenda kuchimba. Usiku alilala kama gogo, Jumatatu alirudi dukani na malengelenge mikononi, na Jumanne ile hali ya kuwashwa ilikuwa imemrudia.

Safari hii walikwenda mbali. Waliondoka Gitega Ijumaa mchana, watu tisa na mwiko mmoja wa kusongea ugali, na jioni wakafika tarafa ya Butihinda, mkoani Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Wakalala katika darasa la shule. Asubuhi Faraz alitoka nje akakuta kilima cha mawe na majani makavu, kilichokaa miezi minne bila tone la mvua. Njia iliyopanda mpaka kileleni, na kuvuka kwenda kanisani na zahanati upande wa pili, ilikuwa imeliwa na maji ya miaka mingi. Ilikuwa korongo. Mahali pengine mtu mzima aliingia mpaka kiunoni. Wagonjwa walibebwa humo kwenye machela, na wabebaji walipoteleza, mgonjwa aliongeza ugonjwa mwingine.

Kazi ilikuwa kulifukia korongo kwa mawe na kuchonga ngazi. Hivyo ndivyo Klara alivyopanga. Faraz alilitazama dakika tano tu, akaona wazo bora.

Alikuwa na kipimo alichofundishwa na bwana shamba mmoja wa Gitega: miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Ukikisimamisha juu ya ardhi, jiwe linakuonyesha mteremko ulivyo. Faraz akapanda nacho pembeni mwa korongo, akapiga vigingi, akashuka, akapanda tena. Ukiacha korongo na kuzunguka kwa juu, hatua arobaini hivi mahali pa mbali zaidi, ungepata njia pana yenye mteremko wa taratibu, hata mjamzito angepanda bila kuhema. Eneo lenyewe lilikuwa majani makavu na mabua machache, kama pori tu.

Jumamosi ni siku ya kazi za pamoja, kwa hiyo watu wa kilima walijitokeza na majembe yao. Waliviangalia vigingi vya mgeni, wakatazamana, wasiseme neno. Faraz akafikiri wamependezwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema, mwanamume mnene mwenye kofia ya majani aitwaye Fabiano, mwenye shamba la chini ya korongo, aliyekijua Kiswahili cha soko la mpakani.

"Bwana Faraz, we iko na akili ya kazi," alisema. "Hapa juu iko bien kabisa. Maji haitafika."

"Hii majani iko ya nani?" Faraz aliuliza. Hata leo akikumbuka anajua kwamba aliuliza.

Fabiano alikitazama kilima. "Hapana mtu," alisema.

Klara alisita. Alitaka kwanza wamtafute mkuu wa kilima, kiongozi wa mahali pale, wamuulize. Lakini mkuu wa kilima alikuwa kwenye msiba, jua lilikuwa linapanda, na Faraz alikwisha piga sururu ya kwanza. Walichimba mpaka saa kumi. Mchana Fabiano aliwaletea sufuria nzima ya maharage na ndizi, akamchagulia Faraz ndizi laini. "Hii njia tutaiita ya Faraz," alisema huku akipakua, na wote wakacheka.

Faraz naye alicheka, lakini moyo ulimruka. Njia ya Faraz. Watoto ambao hawajazaliwa wangeambiwa wapite njia ya Faraz. Alilala nalo neno hilo kama mtoto aliyelala na kiatu kipya, na usingizi haukuja kirahisi.

Jioni ile zilibaki hatua kumi na tano kule juu, pale njia mpya ilipopaswa kuungana na ya zamani karibu na kilele. Jumapili asubuhi kilima kizima kilipanda kwenda misani, na kwa kuwa njia mpya ilikuwa bado haijaungana, wote walipita korongoni kama siku zote. Klara na wenzake Wakatoliki walikwenda nao, waliobaki walilala. Basi dogo lilikuwa liondoke saa saba, maana dereva alikuwa na mafuta ya kuhesabu. Faraz, ambaye Jumapili kwake ni siku kama Jumatano, alichukua jembe na sururu akapanda peke yake. Alitaka watu wakitoka misani waikute njia imekamilika, wateremke nayo wakiwa wamevaa nguo zao nzuri.

Alikuwa amebakiza hatua sita alipomwona mwanamke akipanda, jembe begani, khanga imefungwa vizuri kiunoni. Alikuwa na umri wa mama yake.

"Shikamoo, mama," Faraz alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Kiswahili chake kilinyooka, cha watu waliolelewa Tanzania. "Naitwa Letisia. Jana sikuja, mimi ni Msabato, Jumamosi siku ya Bwana sigusi jembe. Nikasema leo nije nilipe siku yangu."

Faraz alifurahi. Alianza kumweleza kipimo, mteremko, jiwe na kamba, akizungusha mikono. Letisia alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akatembea juu ya ile njia mpya, taratibu, kutoka juu mpaka katikati, akasimama pale ilipokuwa mbali zaidi na korongo. Akakaa chini, palepale kwenye udongo mbichi, na jembe lake akaliweka mapajani.

Faraz akamfuata. "Mama, iko mugonjwa?"

"Hapa nilivuna mahindi na maharage mwezi wa sita," Letisia alisema. "Nimepapumzisha. Nilikuwa nangoja mvua nipande tena."

Faraz aliyatazama yale mabua. Sasa aliyaona yalivyokaa, mstari kwa mstari. Hata mtoto wa shamba angeona. Mtu wa mjini aliona pori.

"Pole sana, mama. Kipande cha njia ni kidogo, lakini..."

"Si kipande cha njia." Alinyoosha mkono kuelekea korongoni. "Baba yangu alikimbia kutoka kilima hiki mimi nikiwa mgongoni. Tuliporudi, miaka kumi na tano sasa, Fabiano alikuwa analima kote, juu na chini. Tukasumbuana miaka mitatu. Mwishowe wazee wa kilima wakagawa. Wakaandika karatasi, tukaweka dole gumba wote wawili. Karatasi inasema hivi: juu ya njia ni kwa Letisia, chini ya njia ni kwa Fabiano. Njia ndiyo mpaka. Haisemi njia ipi, mwanangu, kwa sababu ilikuwa moja tu."

Faraz alizungusha macho kutoka korongoni mpaka kwenye njia yake, yale majani yote katikati, nusu nzima ya shamba la mwanamke huyu, na akaikumbuka ndizi laini ya Fabiano.

"Lakini mi niliuliza," alisema. "Nilimuuliza Fabiano. Alisema hapana mtu."

"Asiyekuwepo na lake halipo," Letisia alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Faraz. "Na wenzangu walichimba wakinyamaza. Sishangai. Mimi bado naitwa mtu wa Tanzania. Nani atagombana na jirani yake kwa ajili ya mtu wa Tanzania?"

"Tutafanya nini?"

"Hujamaliza kule juu. Njia si jembe, njia ni miguu. Wakishuka nayo leo kilima kizima, kesho Fabiano atalima mpaka hapa nilipokaa. Akiulizwa atasema tazameni karatasi, tazameni njia, na tazameni alama za miguu yenu wenyewe. Nani atakana mguu wake?"

Ng'ambo ya kilele waimbaji walikuwa wakiimba. Letisia alisikiliza kidogo akasema huo ni wimbo wa kukomunika, imebaki kama nusu saa.

Faraz alipanda mbio. Kama ni kufanya, hiyo kazi aliiweza. Alirudisha udongo kwenye zile hatua za mwisho, alikata matawi ya miiba akayalundika mdomoni mwa njia mpya, kisha akarukia korongoni na kuanza kuvingirisha mawe, ili ngazi mbili tatu zipatikane kabla watu hawajafika. Aliliweka jiwe, akalikanyaga mara moja, akakimbilia lingine. Jasho lilimwingia machoni. Letisia alikuja akasimama juu ya ukingo.

"Hilo linacheza," alisema.

"Nitarudi kwa hilo."

Hakurudi kwa hilo. Alikuwa tayari kwenye la nne, na kichwani alikuwa anapanga maneno. Angesimama mbele ya watu wote amnyooshee Fabiano kidole. Angeeleza maharage, ndizi na lile jibu, neno kwa neno. Alimwambia Letisia hivyo, akihema.

"Hapana," Letisia alisema.

"Mama, alidanganya. Mi niko shahidi."

"Wewe ni shahidi wa nusu siku. Saa saba unapanda basi unakwenda Gitega. Mimi kesho nitakutana naye kisimani, na keshokutwa, na mwanangu akiugua usiku, ni Fabiano na wanawe watakaoshika machela. Ukimvua nguo mbele ya watu, mimi ndiye nitakayeishi na uchi wake." Aligeuka kulitazama shamba. "Nataka shamba langu. Sitaki vita. Kama unaweza kunipatia la kwanza bila la pili, nipatie. Kama huwezi, kaa kimya."

Faraz alilishika jiwe mkononi bila kujua aliweke wapi. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakujua afanye nini baadaye, akabaki akilizungusha tu. Alimchukia Fabiano, na zaidi alijichukia mwenyewe, maana alijua kwamba hata lile jibu la uongo lisingepita kama yeye hakuwa na hamu ya kulisikia.

Watu walitokeza kileleni, wanawake mbele na vitenge vya Jumapili, wanaume nyuma, Klara katikati yao, na Fabiano akiwa na koti jeusi, kofia yake na viatu vilivyong'aa. Walifika kwenye miiba wakasimama. Fabiano alikuja mbele.

"Bwana Faraz, kwa nini umefunga njia yetu?" aliuliza, akitabasamu.

Faraz alipanda kutoka korongoni, udongo mpaka kwenye nyusi. Aliongea Kirundi, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Alisema jana alipima vibaya. Alisema aliona shamba lililopumzishwa akadhani ni pori, kwa sababu yeye ni mtu wa mjini na hajawahi kulima hata tuta moja. Hakuna aliyempa ruhusa, alisema, na hakuna aliyemdanganya, alianza tu kuchimba bila kumngoja mwenyewe. Eneo lile ni la Mama Letisia. Mpaka wake na jirani yake ni korongo hili, kama wazee walivyoandika, na njia aliyoichora yeye si njia.

Watu walimtazama Faraz, kisha, kidogo kidogo, wakaanza kumtazama Fabiano. Tabasamu lilikuwa limemkauka. Alikuwa amejiandaa kushtakiwa, na hakuna aliyemshtaki, akabaki na majibu yake yote mdomoni.

"Ni kosa lako, basi," alisema hatimaye.

"Ni kosa langu," Faraz alisema.

"Bon." Fabiano aliangalia viatu vyake. "Korongo ni korongo."

Watu wakaanza kuteremka korongoni, wakinyanyua vitenge, wakinung'unika. Wa tatu alikuwa Bibi Lucia, kikongwe aliyeshikwa mkono na mkaza mwanawe. Alikanyaga jiwe la pili. Likacheza, likageuka, na bibi akaenda chini kwa goti, kitenge kikachanika na damu ikatoka. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyezoea, "Njia hii itanimaliza."

Lilikuwa lile jiwe. Faraz alisimama na mikono yake miwili mitupu, na aibu ikamshuka kichwani mpaka miguuni. Amemrudishia mwanamke shamba lake, na amewarudishia watu korongo lao, baya kuliko jana. Klara alikwisha inama kulikagua goti. Hakumwangalia Faraz, na ilikuwa heri.

Ndipo Letisia alipoliweka jembe chini. Alikwenda kwenye lundo la miiba, akashika tawi, akalivuta pembeni. Akavuta la pili. Mkono ulimtoka damu, hakujali. Alipomaliza alisimama mdomoni mwa ile njia mpya, mguu mmoja huku na mwingine huku.

"Bibi Lucia," alisema, sasa kwa Kirundi, chenye lafudhi ya ugenini ambayo kilima kilizoea kuicheka. "Njoo upite huku. Hapa ni kwangu, nami nakupitisha."

Bibi Lucia aliinuliwa, akaja akichechemea. Mbele ya Letisia akasimama, kama mtu anavyosimama kwenye ua wa mwenzake. "Nipite, mwanangu?"

"Pita, bibi."

Akapita. Mkaza mwanawe akauliza, akajibiwa, akapita. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza. Walipanga mstari, na wale waliokwisha ingia korongoni walipanda tena wakaja mkiani. Mmoja mmoja walisimama, wakauliza, wakaitwa kwa majina, wakapita. Watu waliochimba jana wakinyamaza waliuliza bila kumtazama usoni. Letisia hakumkatalia hata mmoja. Faraz alihesabu mpaka sitini akaacha. Alikuwa amehangaika siku mbili kujenga barabara ya jina lake, na mwanamke huyu angewapa watu njia tangu mwanzo, kama angepatikana mtu mmoja wa kungoja siku moja amuulize. Alitaka kumwambia hivyo, lakini hakuwa na haki ya kukatiza.

Kule chini dereva alipiga honi. Klara alimwashiria Faraz kwa mkono, yeye akatikisa kichwa.

Mwishowe alibaki Fabiano. Alilitazama korongo, lenye mawe yaliyolegea na damu ya bibi. Aliitazama njia mpya, pana, laini, iliyojaa alama za miguu ya jirani zake, na kila mmoja wao alikuwa amesema mbele yake ni ya nani. Walikuwa wamesimama kule chini, wote wamegeuka, wanangoja.

Fabiano alivua kofia. Alikuja mpaka hatua mbili mbele ya Letisia.

"Jirani," alisema, "nipite?"

Letisia alimwangalia. Miaka kumi na tano alikuwa amemjibu mtu huyu haraka haraka, kwa unyenyekevu, kabla hata hajamaliza swali. Sasa hakujibu. Alimwacha asimame pale juani, kofia mkononi, kilima kizima kikitazama.

Halafu akasogeza mguu kumpisha.